Tembo wa Tabora na reale ya bibi

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, hakuamini fedha kwa macho. Ukimpa sarafu ukamwambia hii fedha, aliisimamisha juu ya ncha ya kidole, akaigonga ukingoni kwa sarafu nyingine, akainamisha sikio. Fedha inalia, alikuwa akisema, bati linakohoa. Halafu ananigeukia kwa utani wake, "Umesikia, mume wangu?" Nilikuwa na miaka tisa. Nilichosikia ni ting' tu.

Maneno yale nimekuja kuyaelewa ukubwani, nikiwa fundi simu mwenye kibanda Kariakoo, tena baada ya kuyalipia shilingi 250,000.

Ilikuwa Tabora. Tulikwenda kuzika upande wa mke wangu, na siku ya kurudi nilikaa stesheni nikisubiri treni iliyokuwa imechelewa kama kawaida yake. Kijana mmoja akaja akakaa ubavuni mwangu, akanisalimia kwa adabu, akauliza ninatoka wapi, akanipa pole ya msiba. Baada ya robo saa ndipo akatoa kitambaa mfukoni. "Braza, hii ni mali ya Mjerumani. Babu yangu aliikuta akichimba msingi." Ndani ya kitambaa kulikuwa na sarafu ya manjano iliyokoza: upande mmoja tai mwenye taji, upande wa pili tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Rupia 15, mwaka 1916, na herufi T.

Nilikuwa nimeshasoma habari za sarafu ile. Ndiyo iliyoniponza. Mtu asiyejua chochote angeshukuru na kuendelea kula karanga zake. Mimi niliyejua nusu nikaanza kutetemeka.

Maana historia yenyewe ni ya kweli kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza zilifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na sarafu mpya kutoka Ujerumani zikakatika. Wajerumani wakaamua kujitengenezea zao Tabora, kwenye karakana ya reli. Dhahabu waliitoa mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Wakafua rupia 15 yenye gramu 7.168, robo tatu ya uzito huo ikiwa dhahabu tupu, upana wake milimita 22, thamani yake sawa na marki 20. Zilitoka kama 16,000 hivi. Septemba mwaka uleule jeshi la Wabelgiji likaingia mjini na kazi ikaishia hapo. Leo tembo mmoja wa kweli huuzwa minadani Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola.

Kwa hiyo kijana wangu hakuhitaji kunidanganya kuhusu vita, wala reli, wala Sekenke. Yote aliyosema yalikuwa sahihi, mengine nilimsaidia mwenyewe kuyakumbuka. Uongo ulikuwa mmoja tu, na alikuwa ameushika mkononi. Alianza na 800,000. Treni ilipopiga honi tukawa tumefika 250,000, na nikapanda behewa nikiwa tajiri. Mpaka Morogoro nilikuwa nimeshaezeka nyumba.

Waswahili walisema zamani: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tembo wa dhahabu wa maelfu ya dola hatembezwi stesheni akatafutiwa mnunuzi wa karanga.

Kibandani nina vitu viwili ambavyo si kila mkusanyaji wa sarafu anavyo. Cha kwanza ni mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, ile ile wanayotumia masonara. Cha pili ni hadubini ya kuunganishia saketi za simu. Niliweka tembo juu ya mizani. Gramu 4.02.

Nikaizima mizani nikaiwasha tena. Gramu 4.02.

Hapo pangetosha. Sarafu ikikaa mfukoni mwa watu miaka mia inalika, lakini kinacholika ni punje, hakifiki karibu nusu ya uzito. Dhahabu ya robo tatu ni nzito kama mara 15 ya maji ya ujazo uleule. Shaba ya manjano haifiki mara 9. Mtu anayetaka kuiga sarafu ya dhahabu kwa shaba ana njia mbili: aweke upana na unene sawasawa, uzito umsute, au aweke uzito sawasawa, sarafu iwe nene kama kizibo. Ndiyo maana matapeli hupenda kuuzia mahali pasipo na mizani.

Lakini nilitaka kuona kwa macho nilivyopigwa, nikaiweka chini ya hadubini. Uso wa tembo ulikuwa na vishimo vidogo vya mviringo, kama uji unapoanza kutokota. Kingo za herufi zilikuwa zimelegea kama maandishi ya sabuni iliyooshewa mara tatu. Na ukingoni, ukizungusha polepole, kulikuwa na mstari mwembamba unaozunguka sarafu yote, umepigwa tupa usionekane.

Dalili zote tatu zina chanzo kimoja. Sarafu halali hufuliwa: kipande cha madini kilicho baridi huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu na kugandamizwa kwa nguvu kubwa. Madini husukumwa kuingia kila pembe ya muhuri, ndiyo maana herufi husimama wima kama ukuta na uwanja unaozizunguka huwa laini. Sarafu ya tapeli wa kawaida husubiwa: anachukua ya kweli, au picha yake, anatengeneza kalibu ya vipande viwili, anamimina madini yaliyoyeyuka. Hewa inanaswa ndani, ndivyo vile vishimo. Kalibu mbili zinapokutana huacha mshono. Na madini yakipoa husinyaa kidogo, kwa hiyo nakala huwa ndogo kuliko mama yake. Tembo wangu alikuwa na milimita 21.6. Wapo waongo wa daraja la juu wanaochonga mihuri yao na kufua kama serikali, na kwa hao hadubini pekee haitoshi. Wangu hakuwa wa daraja hilo, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi.

Mzee mmoja sonara niliyempelekea alinimalizia. Hakuuliza habari. Aliisugua ukingo wake kwenye jiwe lake jeusi, ukabaki mstari wa manjano, akadondosha tone la asidi, mstari ukatoweka kama haujawahi kuwepo. Akanirudishia sarafu yangu kwa mikono miwili, kwa heshima, kana kwamba ananikabidhi maiti.

Tangu siku hiyo nikaanza kununua sarafu za kweli za bei ndogo, kwa makusudi ya kujifunza tu. Ukitaka ushauri wangu mmoja ni huo. Usianze na tembo. Anza na senti 10 za Afrika Mashariki zenye tundu, shilingi za simba za miaka ya 1920, heller, yaani senti za Mjerumani, zilizochakaa. Zishike, zipime, zitazame kwa lenzi mpaka mkono uzoee. Ya bandia huijui kwa kusoma sifa zake, unaijua kwa sababu mkono unashtuka.

Mkono wangu umenifundisha hata kusamehe. Kule kule Tabora mwaka 1916 zilifuliwa pia heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, kazi ya haraka ya wakati wa vita. Herufi zimepinda, picha haikukaa katikati, nyingine nyuso zao zina mikwaruzo ya mashine. Mtu aliyezoea sarafu za Berlin akiziona atasema feki. Ni za kweli. Karakana ya reli haikuwa kiwanda cha Kaisari, na sarafu ya kutoka huko ikiwa safi kupita kiasi ndiyo ya kuitilia shaka.

Sasa niseme kidogo juu ya mchele, maana nimechoka kuulizwa. Kila baada ya miezi miwili mtu huja kibandani na rupia ya fedha ya Mjerumani, ile yenye Kaisari Wilhelm aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu, nyuma simba na mnazi. Ananinong'oneza kwamba ya kweli inavuta mchele, na kwamba ndani ina zebaki, na kuna mzungu anayeinunua kwa bilioni. Ndugu zangu, fedha haivuti mchele. Haivuti chochote. Rupia ile ilifuata kipimo cha rupia ya India iliyokuwa ikitumika pwani hii kabla ya Mjerumani kuja: gramu 11.66, karibu asilimia 92 fedha, upana milimita 30. Hakuna nafasi ya zebaki humo. Ile ya mwaka 1890 bei yake ni ya kawaida tu, huwezi kuhamia Mbezi kwa rupia moja. Rupia ikivuta mchele, ujue mchele umepakwa kitu. Na ikivutwa na sumaku, basi ni chuma kilichovishwa nguo ya fedha, irudishe kwa mwenyewe kabla hajafika kona.

Sumaku inanifaa kwa jambo jingine pia. Kasumaku kale kenye nguvu kanakotoka kwenye spika ya simu au diski ya kompyuta, ukikateremsha juu ya sarafu ya fedha iliyoinamishwa, hakashiki lakini kanashuka polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Juu ya bati au risasi kanaporomoka. Ni kwa sababu fedha hupitisha umeme vizuri kuliko madini mengine yote, na sumaku inayotembea juu yake huzalisha umeme mdogo unaoipinga. Kwenye sarafu ndogo tofauti si rahisi kuiona, na shaba nyekundu nayo inaweza kukuchanganya, kwa hiyo mimi naichukulia kama salamu ya mlangoni tu.

Kipimo ninachokiamini ni cha maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, iteremshe mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni, ishike hivyo hivyo ikining'inia. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa, ambao kwa gramu ni sawa na ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Fedha tupu hutoa 10.5 hivi. Rupia ya Mjerumani itakupa zaidi kidogo ya 10.3. Shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo ndiyo kipenzi cha waigaji wa sasa, haivuki 9. Risasi inavuka 11. Hakuna rangi wala moshi unaoweza kudanganya glasi ya maji.

Moshi nimeutaja kwa sababu. Fedha ikikaa muda mrefu hupata weusi wake, na watu hulipia weusi huo. Waigaji nao wanajua. Nimeletewa sarafu zilizopakwa rangi nyeusi mifereji ya herufi, ukipitisha pamba yenye maji inatoka. Wengine huzifungia fedha pamoja na kiini cha yai la kuchemsha, salfa ya yai inazigeuza kahawia kwa siku moja. Weusi wa miaka hukaa mahali ambapo vidole havifiki: kwenye mikunjo ya nguo, kati ya manyoya ya tai, chini ya kidevu. Weusi wa jana umeenea kila mahali kama vumbi la mkaa.

Basi nikajiona nimehitimu. Nilipokwenda Tanga kumsalimia mama nikamwomba anitolee reale ya bibi, sarafu yake ya fedha ya zamani.

Bibi alikwisha kufariki. Reale ile aliivaa kifuani kwa mkufu, imeungwa juu kwa lehemu kikuku cha fedha, yaani kipete cha kupitishia mkufu, na nilipokuwa mdogo nilidhani yule mwanamke mnene mwenye ushungi aliyechorwa ni ndugu yetu. Ni Maria Theresia, mtawala wa Austria, aliyefariki Novemba 1780. Sarafu yake ilivuka Misri, Yemen, Uhabeshi, Oman, ikashuka mpaka Unguja, na karne ya 19 biashara ya pwani yetu ilihesabiwa kwayo. Wazee waliita reale ya Sham, kuitofautisha na reale ya mzinga, ambayo ilikuwa ya Mhispania: nguzo mbili zilizochorwa juu yake watu wa pwani waliziona mizinga, na ukiitazama leo utakubaliana nao.

Nikaipeleka kwenye vipimo vyote nilivyovitaja, na kimoja baada ya kingine vikaniangusha. Uzito: reale ya Sham inatakiwa kuwa na gramu 28.07. Ya bibi ilikuwa 29.41, kwa sababu ya kikuku na lehemu yake. Sauti: haikulia. Mama alicheka, akaniambia hata bibi mwenyewe alikuwa akisema hii imekabwa koo. Uso: umelika. Sarafu ya fedha ikigusana na kitambaa miaka hamsini hubaki kivuli.

Maji ndiyo yaliyoniokoa. Ilisukuma gramu 2.88, ukigawanya unapata 10.2, na hiyo ndiyo hesabu ya madini yenye sehemu tano za fedha na moja ya shaba, mchanganyiko ambao reale ya Sham inatakiwa kuwa nao. Chini ya hadubini, ukingoni, maneno ya Kilatini yaliyoinuka yalisomeka bado: IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Ukingo huo uliwekwa maandishi ili mtu asiweze kuikwangua fedha pembeni bila kujulikana, na ndiyo sehemu inayomshinda mwenye kalibu, kwani mshono unapita hapo hapo. Kwenye bruchi ya begani, ile pini ya urembo ya mwanamke aliyechorwa, nikahesabu lulu ndogo, zile tisa ambazo wafanyabiashara wa zamani walizihesabu kwa kucha kabla ya kuipokea. Zilikuwepo, ingawa mbili nilizigusa zaidi kuliko nilivyoziona.

Nikamwambia mama, ni ya kweli.

"Ya mwaka 1780?"

Hapo ndipo nikanyamaza, maana jibu ni hapana, au karibu hakika hapana. Reale zote za Sham zimeandikwa 1780. Maria Theresia alipofariki, watu wa Mashariki na wa pwani hii walikuwa wameshaizoea sura yake kiasi kwamba ukiwaletea yenye mwaka mwingine au uso wa mfalme mpya hawapokei. Austria ikaendelea kufua kwa mwaka uleule. Mwaka 1858 ikaacha kuwa pesa halali nyumbani kwake Austria, lakini mashine hazikusimama. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Ethiopia, alipata mihuri kutoka Vienna akaanza kuzifua Roma. Waingereza hawakutaka biashara yao ya Bahari ya Shamu iwe mikononi mwake, wakachonga mihuri yao wenyewe wakazifua London. Zikafuliwa pia Paris, Brussels, Birmingham, na Bombay wakati wa Vita Kuu ya Pili. Oman ziliendelea kupita mikononi mwa watu mpaka karibu na mwaka 1970. Vienna wanazifua hadi leo na kuziuza kwa yeyote mwenye pesa. Mamia ya milioni, zote zimezaliwa mwaka mmoja.

Wajuzi hutambua mji kwa manyoya ya mkia wa tai, kwa umbo la bruchi, kwa nukta zilizo kati ya maneno. Kwa reale iliyovaliwa kama ya bibi, manyoya hayo yamekwenda na kanga. Na nikiwa na lenzi jichoni nikajikuta nashindwa kuamua iliyofuliwa London bila ruhusa ya Vienna niiite nini. Fedha yake ni kamili, uzito wake kamili, tarehe yake ya uongo kama ya dada zake wote. Tembo wangu wa Tabora, kwa upande wake, alikuwa na tarehe ya kweli tupu.

Mama alisubiri. Nikamwambia huenda imefuliwa bibi akiwa ameshazaliwa.

"Kwa hiyo ni feki."

"Hapana, mama. Ni fedha, na ni reale."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo."

Nilimwachia maagizo mawili, nikayaandika kabisa kwenye karatasi niliyokunjia sarafu: kikuku kisitolewe, kwa sababu kovu la lehemu halitafutika, na isisafishwe kwa kitu chochote, kwa sababu kusafishwa ndiko kunakoua bei ya sarafu kuliko kuchakaa. Akaitikia, ndiyo baba, nimesikia.

Miezi mitatu baadaye tulimwoza mtoto wa dada yangu. Bibi harusi alipofunuliwa, reale ilikuwa kifuani kwake, inawaka kama taa ya gari. Mama alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu tangu alfajiri, na Maria Theresia alikuwa hana tena pua.